Mkojo Mwekundu wa Shaame

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yenu mmeikuta, kulikuwa na kijiji cha mpunga kisiwani Pemba ambako mtoto wa kiume akikojoa damu, nyumba nzima hufurahi. Watoto walishinda bondeni majini, na majini mlikuwa na kichocho, lakini nani aliyejua? Mama alipika wali wa nazi, baba akatembea kifua mbele, majirani wakasema huyu sasa mwanamme. Msicheke, hata nyinyi mna mambo yenu.

Katika kijiji hicho alikuwapo Shaame Hamad, mcheza ng'ombe. Ujanani alisimama uwanjani na kitambaa mkononi, fahali akaja mbio, naye akampisha kwa kuzungusha kiuno tu. Alipofika miaka hamsini na tatu, kiuno kikakataa. Fahali akamwangusha mbele ya watu na wanawake wakacheka. Kicheko kile kilimwuma kuliko pembe.

Akamwita mdogo wake, Faki, aliyekuwa akienda na kurudi mjini kila wiki.

"Nasikia mjini kuna sindano za nguvu za kiume. Niletee."

"Kaka, hizo mtu hupewa kwa cheti cha daktari."

"Nimekuomba cheti au nimekuomba sindano?"

Faki akaleta. Kila Ijumaa akamchoma kakaye pajani, mlango umefungwa. Mwezi wa nne wa sindano Shaame akarudi uwanjani, akacheza fahali, akashangiliwa. Mwezi wa tano akakojoa damu.

Mnadhani aliogopa? Alifurahi. Alikumbuka wali wa nazi wa utotoni. "Ujana umerudi," akamwambia Faki. Faki angeweza kuuliza swali, hakuuliza. Alicheka pamoja naye na Ijumaa iliyofuata akaongeza kipimo.

Lakini damu haikukoma. Mize, mkewe Shaame, akaiona kwenye kikoi alipokuwa akifua.

"Bwana, hii nini?"

"Nimejikata na kisu cha kuvunia."

Kisu gani hicho kinachomkata mtu hapo? Mize hakuuliza tena. Alijiambia kwamba mumewe ameokota ugonjwa kwa mwanamke wa nje. Akahamishia godoro lake chumba cha pili, na kikoi kile hakukifua. Alikikunja akakiweka sandukuni, ili siku ya kuulizana awe na ushahidi.

Shaame aliona godoro limehama, na hapo shaka ikamwingia. Mwanamke anahama chumba kwa nini, kama hajui kinachonipata? Na kama anajua, ametia nini kwenye uji wangu? Akaacha kunywa uji. Kisha akamgeukia Faki moyoni. Shamba la bondeni aliloliacha baba hatujaligawa, na zile sindano ni nani aliyeona kilichomo? Alimshuku Faki wiki nzima, na Ijumaa ilipofika akampa paja.

Akaenda zahanati kwa Mbwana, tabibu wa kijiji. Mbwana hakumpima. Bonde zima lina kichocho, ampime nini? Akampa vidonge. Damu ikarudi, akampa vidonge tena.

"Kuna dawa nyingine unatumia?" aliuliza Mbwana bila kuinua uso.

"Hakuna," akasema Shaame.

Mara ya tatu Mbwana aliweka kalamu chini. "Mzee Shaame, nisikufiche. Sijui una nini. Nakuandikia barua uende hospitali kubwa."

Shaame aliipokea barua akimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu aliyejua mara mbili, mara ya tatu asijue? Barua akaitia mfukoni na hakwenda popote. Wiki tatu baadaye mkojo ukaziba kwa mabonge ya damu, akaanguka kwenye mpunga, akawa anapiga kelele kama mtoto. Faki alimbeba mgongoni, maji yakimfika kiunoni, tangu bondeni hadi barabarani penye gari.

Mize naye akapanda gari, na hospitali walikuta daktari mwanamke, Daktari Asya, mtu wa maneno machache. Akaizibua njia ya mkojo kwanza, kisha akauliza damu ile ina muda gani.

"Wiki moja," akasema Shaame.

Mize akafungua mkoba wake, akatandaza kikoi mezani. "Miezi saba, daktari. Hiki ndicho cha kwanza."

Ndipo Faki naye, macho chini, akatoa kijisanduku cha sindano akakiweka kando ya kikoi.

Daktari alimpima siku mbili. Siku ya tatu akawaita wote, na Mbwana pia alikuwa amefika kumtazama mgonjwa wake.

"Ni saratani ya kibofu," alisema. "Sindano siwezi kusema ndizo zilizoianzisha. Kichocho cha miaka mingi chaweza kuianzisha. Lakini uvimbe wa kibofu mara nyingi hupokea homoni za kiume, ndizo zilizomo kwenye sindano hizi, na zikiufikia zaweza kuupa nguvu ya kukua. Wataalamu wanadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wanaume kuugua zaidi kuliko wanawake. Bado wanachunguza. Ila wewe uvimbe wako umekuwa ukiuletea chakula kila Ijumaa."

Kibofu kilipasa kuondolewa. Maisha yake yote yaliyobaki, mkojo ungetokea kwenye tundu tumboni na kuingia katika mfuko wa plastiki uliobandikwa hapo. Daktari akampa fomu na kalamu. Palikuwa na nafasi ya jina moja tu, la mtu atakayeamua kwa niaba yake akiwa amelazwa usingizi, na atakayefundishwa kuuosha na kuubadilisha mfuko.

Shaame akashika kalamu. Aliogopa sasa, na woga ulimzidishia shaka. Akawatazama mmoja mmoja.

"Niandike mimi," alisema Faki. "Nilichoma kwa sababu uliniomba, na kosa langu nimeliweka mezani bila kuulizwa. Mgongo uliokutoa bondeni ni huu."

"Ulikuwa ukinilisha kifo," akajibu Shaame.

"Niandike mimi," alisema Mize. "Nilinyamaza miezi saba, naumia kwa hilo. Lakini bila kikoi changu daktari angeamini wiki yako moja. Na mfuko huo, wewe mwenyewe unajua nani atauosha."

"Ulikiweka kikoi ili unishtaki."

"Ndiyo. Na siku ilipofika, nilikitoa ili upone."

Mbwana alikohoa. "Mimi si ndugu. Nilikisia mara mbili, na hilo ni kosa langu. Lakini ni mimi peke yangu niliyekwambia ukweli kwamba sijui. Na katika sisi watatu, mwenye mkono uliozoea vidonda ni mimi."

Daktari Asya alitazama saa. "Mzee Shaame, katika hawa, nani ulimwambia yote?"

Shaame akawahesabu moyoni. Faki alikuwa amepewa habari ya sindano, akanyimwa ya vidonge. Mize alikuwa amepewa kisu cha kuvunia. Mbwana alikuwa amepewa "hakuna". Kalamu ikagusa karatasi, na wote watatu wakainama kutazama herufi ya kwanza.

Nyinyi mmesikia yote, yale ambayo Shaame hakumwambia mtu yeyote kwa ukamilifu. Je, nani alistahili kuandikwa?