Kindi na Ile "Ch" ya Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, masufuria na majirani wa kugombana nao, aliishi Tembo mmoja mchoyo. Mizinga ya nyuki ilikuwa ya kijiji kizima. Kindi mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya migunga kuifunga kamba. Lakini asali iliporinwa, Tembo aliibeba yote kwake, akaijaza kwenye mitungi saba, akamweka Nyati mlangoni.

"Nani atanipokonya?" akauliza. Na kweli, nani?

Migunga ikachanua. Unga wa manjano ukajaa hewani, na kila mwenye pua akaanza: "Chya! Chya!" Msicheke, nanyi mnazo.

Aliyeteseka zaidi ni Bi Manyoya, bibi yake Kindi. Macho yalikuwa mekundu, pua imeziba, na kila akipiga chafya anadondoka tawini. Siku moja alidondoka mara tatu kabla ya chai.

"Mjukuu wangu," akasema akiwa pale chini, "nitakuja kuvunjika kiuno. Nipatie asali kijiko kimoja tu, pengine itanisaidia."

Kindi alimhurumia sana. Akaenda mbio kwa Tembo.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umefuata asali, rudi ulikotoka. Ha... haa... haaa... CHAFYAAA!"

Paa la jiko likaruka. Nyati akaanguka chali, puu!

"Afya, mzee!" Nyati akaitikia miguu ikiwa juu, maana hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yake.

"Kumbe mzee unaumwa!" akasema Kindi.

"Wiki ya tatu hii! Kila jiko ninalojenga nalibomoa mwenyewe."

"Mbona dawa ninayo. Hebu niambie, kwenye neno chafya, ukiitoa 'ch' kinabaki nini?"

Tembo akafikiri. Nyati naye akafikiri, mpaka jasho likamtoka.

"Afya!" wakasema kwa pamoja.

"Eee! Afya unayo tele, mzee. Kinachokusumbua ni hiyo 'ch' iliyokwama puani. Na kwa mkonga mrefu hivyo, unadhani itatoka yenyewe?"

"Sasa itatokaje?" Tembo akauliza kwa hofu.

"Kwa asali, kwa sababu inanata. Ingiza pua mtungini, nusa sana, kisha pumua, fuuu! 'Ch' inatoka, inanasa humo."

"Halafu naila hiyo asali?"

"Lahaula! Uile na 'ch' imo ndani? Itapita tumboni, mzee, na utaanza kupiga chafya kwa mlango wa nyuma!"

Nyati, aliyekuwa amesimama nyuma ya Tembo, akahamia mbele upesi.

"Mtungi wenye 'ch' lazima ukatupwe mbali," Kindi akaendelea. "Ni kazi ya hatari, lakini kwa ajili yako nitaifanya."

"Mbona mimi siioni hiyo 'ch'?" akauliza Nyati.

"Kaka Nyati, wewe umewahi kuiona 'ch' kwa macho? 'Ch' husikika tu."

Nyati akaona haya, akainamisha pembe.

Tembo akanusa, akapumua, fuuu! Kindi akauziba mtungi kwa nta, akausukuma, bingiri bingiri bingiri, mpaka kwao. Kesho yake ukafuata wa pili. Siku ya sita ukaja wa sita. Panya akapata, Kobe akapata, Pimbi akapata na kuomba tena. Bi Manyoya alishika kijiko chake asikiachie hata alipolala.

Siku hiyo ya sita mvua ikanyesha. Maua ya migunga yakapukutika, vumbi lake likaoshwa, na Tembo akaamka asubuhi hana chafya hata moja.

"Dawa imefanya kazi!" akashangilia. Akaenda kumshukuru Kindi, gudu gudu gudu, mtungi wa saba ukiwa mkongani, ili ailambe asali yake njiani.

Alipofika chini ya mti akasikia: "Chwa! Chwa! Chwa!"

"Kindi! Sauti gani hiyo?"

Huko juu vijiko vikasimama hewani. Na Bi Manyoya, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, akalamba tena: "Chwa!"

"Mzee, usisogee!" Kindi akapiga kelele. "Ni ile 'ch' yako! Imekusikia. Inauliza kama mwenyewe umekuja kuichukua."

"Mimi? Iambie sipo! Iambie nimehama!"

Akageuka kukimbia. Hatua kumi mbele akasimama, akauangalia mtungi wa saba, akautua chini polepole kama anayeweka nyoka.

"Na huu nao nilishaunusa!" akasema, akatoweka.

Jioni Kindi akamuuliza bibi yake, "Bibi, pua imepona?"

"Pua sijui, mjukuu wangu, labda ni mvua," akajibu Bi Manyoya akikomba mtungi. "Lakini mdomo umepona kabisa."

Hadithi yangu imefika chini ya mtungi, nami nawaachia kijiko hiki cha mwisho: anayewanyima wenzake asali yao, yeye huishia kunusa.