Muuza Mabati na Hisa Alizolipa Robo

“Milioni tatu? Nilipie kampuni iliyokwisha kufa? Mwanangu, nenda kadai makaburini.”

Ndivyo alivyofoka muuza mabati mmoja, ndugu zangu, mbele ya mfilisi, yaani mtu aliyewekwa na mahakama kukusanya mali ya kampuni iliyofilisika ili walipwe wanaoidai. Ilikuwa kampuni ya kukamua alizeti. Muuza mabati alijiandikisha hisa za milioni nne, akatoa moja, tatu akaahidi kuzitoa zikihitajika. Lakini mikutanoni kiti cha mbele kilikuwa chake, na soda aliletewa wa kwanza. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msigeuke kumtazama jirani.

Mfilisi hakupandisha sauti. “Mzee, umetaja makaburi. Tukizika, msemaji wa familia hutangaza nini?”

“Anayemdai marehemu ajitokeze.”

“Malizia.”

Mzee akasukuma kiti chake nyuma. Alikijua sana kipande kilichobaki: na anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze. Misibani ndiye aliyekuwa akisimamishwa kukisema.

“Ilipokuwa hai mbona haikunidai?” akasema. “Hasara nimeshaipata. Milioni yangu imezama.”

“Iliyozama ni uliyoitoa, mzee. Mimi naulizia ambayo hujaitoa.”

Akatoka kwa hasira. Mlangoni alikuwa ameketi mama mmoja mkulima, aliyeikopesha kampuni alizeti yake yote, akingoja zamu. Alipomwona akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

“Baba, sijapata nafasi ya kukushukuru. Niliogopa kuwakopesha magunia yangu. Nikaambiwa na wewe umo. Nikasema basi, yule akisema nitatoa, ametoa. Asante, baba.”

Hapakuwa na kejeli hata chembe, na hapo ndipo palipomchoma. Tusi angelijibu. Asante ile angeijibu nini? Akageuka, akarudi ndani, akamuuliza mfilisi pesa zinalipwa wapi.

Na sisi je? Tumshukuru Mungu, maana kila mmoja wetu amebebwa na watu waliomwamini kwa neno tu. Yupo aliyekupimia unga huna hata senti. Yupo fundi aliyekushonea sare za watoto kwa “nitakuona mwisho wa mwezi”. Mungu mwenyewe alitupa pumzi kabla hatujamwimbia hata ubeti mmoja. Nashukuru, nanyi mshukuru, tena kwa moyo wote. Lakini shukrani isije hapa mbele huku haki ya mtu imelala mfukoni mwako. Uliyemwahidi unamjua, na kwake unapajua.

Mlipe.