Ufunguo Mmoja wa Pikapu ya Bi Sekela

Sogeeni karibu. Na wewe uliyeegemea ukuta kama umetumwa kuukagua, kaa chini. Hadithi nyingine mnasikiliza huku mnasinzia, lakini hii ina kesi ndani yake, na atakayenijibu "sijui" namtoa nje mwenyewe.

Palikuwa na watu watatu. Nasema palikuwa kwa heshima ya hadithi tu, maana tupo, hatujafa, na hasira tunazo mpaka leo.

Wa kwanza ni dada Atupele, muuza maziwa wa kwetu Isongole. Kipaji chake ni jicho. Ng'ombe akiwa ng'ambo ya bonde, Atupele anakwambia anachechemea mguu gani, na mwenye ng'ombe hajui.

Wa pili ni kaka Gwakisa, mfua vyuma. Kipaji chake ni mkono. Chuma kinamtii kuliko mbwa wake, na mbwa wake mwenyewe akiitwa anakuja mbio.

Wa tatu ni mimi, Ambokile, na kipaji changu kiko makalioni. Chekeni. Mkimaliza mniambie. Nikikalia kiti cha gari, kila nati iliyo chini inanisimulia habari zake. Shule niliiacha mapema, mwalimu akasema makalio yangu hayatulii kwenye dawati. Kweli kabisa. Yalikuwa yanatafuta kiti chake.

Sasa Bi Sekela, mama anayenunua viazi milimani na kuvishusha gulioni, ana pikapu. Dereva wake wa zamani alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa. Nyuma ikiinama kwa mzigo, anaongeza jani la springi. Akishaongeza jani, anaongeza lumbesa, yale magunia yaliyovimba juu kama yana mimba. Jani, lumbesa, jani, lumbesa, mpaka springi zikawa ngumu kama gogo. Gari ikiwa tupu inaruka kama mbuzi, ikiwa na mzigo inagonga kooo, kooo, na kwenye kona inakwenda inakotaka yenyewe. Dereva akaona isije ikamuua, akaacha ufunguo mezani, akaondoka.

Mafundi wa gereji wakaja. Wakabadilisha shokapu. Ikagonga. Wakabadilisha tena. Ikagonga kwa dharau zaidi. Viazi vinaota ndani ya ghala, Bi Sekela analia. Ndipo aliposimama katikati ya gulio, mbele ya watu wote, akatamka: "Atakayeiponya gari hii, ufunguo ni wake. Aendeshe mwenyewe au aweke dereva, pikapu itakuwa mikononi mwake, na chakula cha nyumba yake kitatoka humo." Mlikuwepo wengine hapa. Msijifanye mmesahau.

Asubuhi moja mvua imekatika, mafundi wanaijaribu pikapu barabarani, Atupele anatembea nyuma yake na ndoo yake ya maziwa kichwani. Akasimama. Akaangalia tope. Akaanza kucheka.

"Dada Atu, maziwa yamekupanda kichwani?" nikamuuliza.

"Njoo uone, mpiga domo. Gari nzima, tairi za nyuma zinakanyaga zilipokanyaga za mbele. Hii imeacha mistari minne. Inakimbia upande upande kama mbwa!"

Mafundi wakanuna. Lakini tulipoingia chini na tochi, tukakuta bolti ya kati, ile inayoshika majani yote ya springi pamoja, imekatika upande wa kulia, na ekseli, chuma kinachobeba tairi za nyuma, imerudi nyuma upande huo. Wakati wote wanabadilisha shokapu, ugonjwa ulikuwa umelala pembeni unawaangalia. Bila jicho la Atupele, wangekuwa wanabadilisha shokapu mpaka leo.

Ikaletwa kwa Gwakisa. Mafundi wakasema, tia bolti mpya, ongeza na jani moja, yaishe. Gwakisa akatema mate pembeni.

"Mgonjwa mmemrundikia magodoro, halafu mnashangaa hapumui! Tokeni hapa."

Akafungua springi zote. Majani ya kulazimisha akayatupa. Akaenda kwenye lori bovu lililoota nyasi nyuma ya kinu cha kusaga, akachomoa jani refu la chuma kizuri, akalikata, akavuta mvukuto mpaka likawa jekundu kama pilipili iliyoiva. Akaligonga likapata mgongo, akalitumbukiza kwenye oili chafu. Nikamuuliza kwa nini si maji. "Kwenye maji linakuwa chaki, linavunjika," akasema, "likipoa lenyewe linakuwa ndizi mbivu, linapinda. Na wewe ondoka kwenye mwanga wangu." Alipomaliza, pikapu ikakaa sawa, mbele na nyuma, ikiwa tupu inabonyea kwa adabu. Bila mkono wa Gwakisa, tungekuwa tunaujua ugonjwa tu, na kuujua ugonjwa hakujamfikisha mtu gulioni.

Sasa zamu yangu. Nitasema kwa unyenyekevu, kwa sababu sifa zenyewe zinajisema.

Siku ya mzigo wa kwanza nilishika usukani mimi. Bi Sekela pembeni yangu, Gwakisa na Atupele juu ya magunia wanaimba. Tukateremka mteremko wa kwanza. Kimya, hakuna kugonga, watu wanapunga mikono. Mara kalio langu la kulia likaniambia kitu. Nikigeuza usukani, nyuma inachelewa kunijibu. Kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu huku anatafuna. Nikasimamisha gari.

"Nini tena?" Bi Sekela akauliza.

"Mama, nyuma haijakaa."

Gwakisa akaruka chini, macho mekundu. "Wewe mtoro wa shule, unanifundisha kazi? Nimezikaza mwenyewe nati zile!"

"Umezikaza gari ikiwa tupu, kaka."

Nikaingia chini kwenye tope na shati langu jipya, jamani, shati jipya! Nati zilizofunga springi kwenye ekseli zikazunguka kwa spana kama kifuniko cha chupa. Majani mapya yalipokandamizwa na mzigo yalilaliana vizuri, yakaacha nafasi, na bolti zikabaki zinaning'inia bila kazi. Nikazikaza zote. Na mbele yetu kulikuwa na nini? Kona ya daraja, ile ambayo ukikosea unakwenda kuogea mtoni bila kuvua nguo. Gwakisa alijikuna kidevu, akarudi juu ya magunia, na hakuimba tena mpaka gulioni. Bila kalio langu, jicho lile na mkono ule vingekuwa vinasombwa na maji, pamoja na Bi Sekela na viazi vyake.

Tukafika. Bi Sekela akachomoa ufunguo, akautazama, akatutazama.

"Haya, wanangu. Nani kaiponya?"

"Mimi," tukasema wote watatu, kama kwaya.

"Ningenyamaza mngejua wapi pa kuanzia?" Atupele akasema.

"Jicho linabeba viazi?" Gwakisa akamjibu.

"Na nyinyi wawili mngekuwa mnaogelea," nikasema mimi.

Tukabishana mpaka wateja wakasogea kutuangalia. Sasa sikilizeni uonevu. Bi Sekela akachoka, akasema: "Mpaka mniletee jina moja, ufunguo atakaa nao Lusajo. Gulio lijalo msipokuja na jina, ni wake moja kwa moja."

Lusajo! Mtoto wa kaka yake, kaja kutembea kutoka mjini! Kafanya nini Lusajo? Kaosha gari. Na hata kuosha, kaosha juu tu, chini hakuna alipogusa! Kapaka tairi mafuta zing'ae, kajipiga picha ameshika usukani, basi, kawa bwana pikapu. Na jana nimemwona kwa macho yangu anapandisha lumbesa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, springi zile si za kuonea." Akacheka. "Si imetengenezwa? Gari ikitengenezwa inabeba."

Tumekutana watatu kwa Gwakisa. Gwakisa alitaka tupige kura ya vijiti, Atupele akakataa. "Kijiti kinajua nani alifanya nini?" Tugawane? Shangazi mtu amesema jina moja, na ufunguo haukatwi vipande. Nikawaambia wanipe mimi, wakanirushia mkaa. Tumekubaliana jambo moja tu, kuwaletea nyinyi.

Kwa hiyo msiniambie wote tuna haki, hilo hata Lusajo analijua, ndiyo maana anaendesha kwa raha. Gulio ni kesho. Na hiyo honi mnayoisikia barabarani ni yeye, anateremka na magunia yaliyovimba.

Aliyeona, aliyefua, au aliyesimamisha? Je, ungekuwa ni wewe, ufunguo ungeuweka kwenye kiganja cha nani? Haya, wewe wa ukutani, anza. Jina moja.