Jogoo wa Mtoto wa Siku Sifuri

Jumanne ya tarehe 14 Mei, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, katika hospitali moja ya mkoani, mtoto aliyezaliwa alfajiri kabla ya siku zake alikuwa akingoja majibu ya damu, ili daktari ajue dawa ya kumpa. Damu ilikwisha kuchukuliwa kisiginoni, tone kwa tone. "Simtoboi tena," daktari alisema. "Hana ya kutoa." Na majibu hayaonekani. Tegeni masikio, jamani, maana mzigo wa hadithi hii nitawatwika nyinyi.

Palikuwa na watu watatu. Tupokigwe wa maabara alikuwa na jicho la kuhesabu. Ambakisye, fundi wa mitambo, alijua njia zote inazopita programu ya kupeleka majibu wodini inapoamka. Sekela, mwandishi wa programu hiyo, binti wa shahada moja na wasiwasi wa watu kumi, alisoma kila mstari mpaka nukta yake.

Tupokigwe alishaamriwa aache daftari la karatasi, kwa kuwa siku hizi majibu huenda wodini kwa kompyuta. Hakuacha. Alilificha kabatini, chini ya glavu. Asubuhi hiyo alipitisha kidole: sampuli kumi na tisa zimepimwa, majibu kumi na moja tu yamefika. Akaenda ofisini kwa Sekela.

"Mwanangu, programu yako imemeza majibu manane. La kwanza ni la kile kichanga."

"Mbona haijalalamika, mama?"

"Iulize mwenyewe. Mimi si ukoo wake."

Sekela akafungua logi, mahali programu inapoandika kila inachofanya. Tupu. Tangu wiki mbili nyuma, hata neno.

Hapo akaingia Ambakisye, akaiona logi tupu. "Ikiamka, hutafuta faili la mipangilio linaloiambia iandike nini na wapi. Ikipata la kwanza, haina habari na la pili." Akaifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Faili la Sekela lilikuwepo, safi kabisa. Lakini mbele yake, ndani ya maktaba, yaani furushi la programu za kuazima, iliyopachikwa wiki mbili nyuma, palikuwa na jingine la jina hilohilo, lenye amri moja: usiandike chochote.

"Nani kalileta hili?" Sekela aliuliza.

Ambakisye akakohoa. "Mimi. Niliipachika bila kuichungulia tumboni."

Akaielekeza programu kwenye faili la Sekela kwa anwani kamili, akaiwasha upya. Logi ikaanza kububujika.

Sasa ikawa zamu ya macho ya Sekela. Mistari ikapita mia, ikapita elfu. Kwenye mstari wa 2,314 akasimama: "Umri siku 0: haukubaliki." Mtoto wa leo alikuwa amekataliwa, na saba waliomfuata kwenye foleni wakakwama nyuma yake. Sharti kwamba umri lazima uzidi sifuri alikuwa ameliandika yeye mwenyewe.

Akalirekebisha, akahakikisha mara tatu. Saa tatu kasorobo majibu yote manane yakafika wodini. Daktari akampa mtoto dawa, na saa sita mchana alilia kwa sauti iliyosikika mpaka maabara, na Tupokigwe akalia naye.

Alasiri bibi wa mtoto akaja na jogoo mwekundu kwapani. "Mpeni aliyemtafutia mjukuu wangu majibu. Mmoja. Shukrani haigawanywi mapaja."

"Bila daftari langu mngekuwa mnakunywa chai," alisema Tupokigwe.

"Na bila mimi ungekuwa unamhoji bubu, dada," alijibu Ambakisye.

Sekela alitazama chini. "Mimi ndiye niliyeliona kosa. Lakini si ndiye niliyelitenda?"

Wakamfunga jogoo kwenye mguu wa kiti, wakaenda zao bila kuamua.

Kesho yake, saa moja kamili, Sekela alipitia wodini kwanza. Mtoto alikuwa amelala, ngumi imefumbwa. Kwenye kadi yake pameandikwa: siku 1. Akashukuru kimoyomoyo, akaisoma kadi mara ya pili. Kisha akaenda ofisini, akammwagia jogoo punje za mahindi, akamfungua kitini, akasimama katikati ya meza tatu, yake, ya Ambakisye na ile Tupokigwe anayojazia ripoti, kamba ya jogoo mkononi.

Je, ungekuwa wewe uliyeshika kamba hiyo, ungeifunga kwenye meza ya nani?