Waya Uliobaki Sakafuni

Wapendwa, wangapi hapa mmewahi kufungua kompyuta mkachungulia tumboni mwake? Hakuna? Basi huyu mtu ninayetaka kuwasimulia aliwahi.

Alikuwa mwalimu wa Baiolojia, mdadisi kupita kiasi. Shule yao ya bweni ilipoletewa kompyuta, hakutulia mpaka akafungua moja kwa bisibisi. Akashangaa.

"Madam," akamwita mwalimu wa kompyuta, "mbona hii haina diski? Vitu vyake inatunza wapi?"

"Haitunzi kitu, Mwalimu. Ukiiwasha inaomba kila kitu kwa ile kompyuta kubwa iliyoko stoo. Picha unazoziona, programu, vyote vinapita kwenye huu waya. Na kazi yako inahifadhiwa kule kule."

Mashine nzima iishi kwa kuomba? Yule bwana hakuamini. Ninyi mngeamini?

Siku moja alikuwa anachapa mtihani wa kidato cha nne, wa kufanywa kesho yake asubuhi. Joto likamzidi, akasogeza meza dirishani apate upepo. Waya wa umeme ulifika. Waya wa mtandao haukufika. Akauchomoa.

Mnadhani kioo kilizimika? Wala! Picha ikabaki vile vile, inang'aa, na maandishi yanaingia. Akajisemea, "Kumbe Madam alikuwa ananitisha bure." Hakujua kwamba ile mashine ilikuwa inaishi kwa yale iliyokwisha kupokea.

Akachapa mchana kutwa. Jioni akabonyeza ahifadhi. Kiduara kikatokea kwenye kioo, kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka.

Madam akauliza kutoka upande wa pili wa chumba, "Vipi Mwalimu, umemaliza? Niandae karatasi?"

"Bado kidogo tu," akajibu, anatabasamu huku jasho linamtoka. Wanafunzi wanasubiri mtihani, naye anaona aibu kusema. Mwisho akakata tamaa, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Usizime!" Madam alishamwona. "Waya uko wapi?"

Akauonyesha pale sakafuni bila kumtazama usoni. Wakarudisha meza, Madam akachomeka waya, wakasubiri. Kile kiduara kikasimama. Mtihani wote umehifadhiwa, hata nukta haikupotea!

"Kumbe haikuwa imekufa?"

"Ilikuwa inasubiri. Ile ya stoo haikuzimika hata dakika moja. Ungeizima hii wewe, ndipo ungepoteza kila kitu."

Sasa tuseme yetu. Wengine wetu tulichomoa zamani. Wala hatukuchomoa kwa ubaya, tulikuwa tunatafuta upepo tu. Na picha bado ipo: suti imenyooshwa, Biblia iko kwapani, kwaya tunaimba mpaka madirisha yanatetemeka. Tunaishi kwa maombi tuliyofundishwa na mama tukiwa wadogo. Mtu akituuliza habari za kiroho, tunajibu "Bwana asifiwe!" na ndani kiduara kinazunguka. Inaniuma kusema hivi, maana nawapenda.

Na yupo mmoja asubuhi hii ambaye kidole chake kiko kwenye kitufe. Umeshasema moyoni, nimeharibu, basi tena, nikitoka hapa leo sirudi. Mimi sikuulizi kwa nini ulisogea dirishani. Mungu hajazimika, ndugu yangu. Nakuuliza lile lile aliloulizwa Mwalimu: waya uko wapi?