Springi za Kajuni kwenye Gari la Vyungu

"Springi huchaguliwa na mzigo, si na jirani."

Jana mlimsikia mama muuza chai akimwambia hivyo yule kinyozi anayetaka kununua spika kubwa kama kabati, eti kwa sababu kinyozi wa ng'ambo ya barabara anayo. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii haikutoka kwa mababu waliovaa magome ya miti. Ilitoka kwenye pikapu, na ilianza hivi.

Kule Lusyeto, kando ya Ziwa Nyasa, alikuwako dereva mmoja aitwaye Anyosisye. Alikuwa na pikapu kuukuu yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na kazi yake ilikuwa moja tu: kila Jumatano kupeleka vyungu vya akina mama wafinyanzi kwenye soko la Kasiba. Kazi nyingine hakuwa nayo. Akina mama wangemkataa, pikapu ingebaki nyumbani kulaza kuku, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Barabara ya Kasiba ilikuwa ya changarawe. Nasema changarawe kwa heshima. Mahali pengine ilikuwa mawe matupu, na mahali pengine ilikuwa imekunjamana kama bati la nyumba, mikunjo midogo midogo kilomita nzima. Springi za Anyosisye zilikuwa zimechoka. Akipakia, matako ya gari yalishuka mpaka bampa la nyuma likawa linasalimiana na kila jiwe. Kwa hiyo ni kweli kwamba gari lilihitaji fundi. Hapo hakukosea.

Alikosea kumsikiliza Kajuni.

Kajuni alikuwa jirani yake, naye alikuwa na pikapu pia, lakini yake ilibeba mawe ya ujenzi kutoka mtoni. Ilikuwa imeinuliwa juu, ikitembea huku imebenua kifua kama jogoo. Kila Jumatano Anyosisye alipopita na vyungu vyake, Kajuni alitoka barazani makusudi.

"Anyosi! Hilo gari lako mbona linachuchumaa kama kuku anayetaga?"

Watu walicheka. Hata Tupokigwe, mke wa Kajuni, alicheka, ingawa yeye alijificha nyuma ya khanga. Jumatano nne Anyosisye aliyameza maneno hayo. Ya tano alishindwa kuyameza, akaenda gereji kwa Fundi Ndile.

Fundi Ndile alikuwa na swali moja alilomuuliza kila mtu kabla hajashika spana. "Unabeba nini?"

Lilikuwa swali jepesi. Lakini pale kwenye benchi alikuwa amekaa Kajuni, anakunywa chai na kungoja tairi yake izibwe. Anyosisye alimtazama Kajuni, akatazama chini, kisha akaona haya kutamka neno "vyungu" mbele ya mwanamume anayebeba mawe.

"Mzigo," alisema.

"Najua ni mzigo. Mzigo gani?"

"Mzito."

"Mzito kama nini?"

"Kama wa huyu hapa," Anyosisye alijibu, akimwonyesha Kajuni kwa kidevu. "Nifungie kama zake."

Fundi alimkodolea macho kidogo, akainua mabega. Gari si lake. Aliingia chini, akaongeza yale mabamba ya chuma yanayoitwa majani ya springi, moja juu ya jingine, mpaka yakafika kumi na moja kila upande. Pikapu ikapanda juu. Tairi nazo akazijaza upepo mpaka zikalia ukizigonga. Kajuni alimaliza chai yake, akamgonga Anyosisye mgongoni. "Sasa umekuwa mwanamume," alisema, na Anyosisye alirudi nyumbani akipiga honi kwa watu asiowajua.

Jumatano ikafika. Mkuu wa wafinyanzi alikuwa Bibi Subilaga, mama mfupi, mnene, mwenye mikono iliyokaukiwa na udongo hadi kwenye viwiko. Alilitazama gari, akaenda kuleta kigoda ili aweze kupanda.

"Mjukuu wangu, hili gari limekuwa lini mnazi?"

"Nimeliimarisha, Bibi."

"Haya. Vyungu vyangu navyo viimarike."

Wafinyanzi wa kule wana desturi yao. Chungu hakipakiwi wala hakinunuliwi bila kugongwa. Unakipiga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio. Kizima kinaitika kwa sauti ndefu kama kengele. Chenye ufa kinasema "kwap" na kunyamaza. Bibi Subilaga alivigonga vyote sitini, vikaitika vyote. Ilikuwa kazi ya wiki nzima ya akina mama kumi na wawili. Vikapangwa nyuma, vikashindiliwa majani makavu ya migomba kama ilivyo ada. Kimoja tu, chungu cha kupikia pombe ya harusi, Bibi alikipakata mwenyewe kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva.

Wakaondoka. Mpaka darajani barabara ilikuwa laini, na Anyosisye alikaa wima kama mkuu wa wilaya. Baada ya daraja ikaanza ile mikunjo ya bati.

Gari halikutembea tena. Liliruka. Zile springi zilizozoea, au niseme zilizotakiwa kuzoea, tani za mawe, zilikuta mzigo mwepesi, zikakataa kabisa kuinama. Kila kokoto tairi ilipolipanda, Anyosisye naye alirushwa juu. Kofia yake iligonga paa, ikamfunika macho. Nyuma kulikuwa na sauti kama ya watu wanaogombana jikoni.

"Bibi," alisema huku meno yakigongana, "si unaona gari limesimama imara?"

"Gari limesimama," alijibu Bibi, amekikumbatia chungu chake kama mtoto mwenye homa. "Mimi ndiye nimekaa na kusimama mara mia."

Walipofika Kasiba, Bibi aliteremka, akaufungua mlango wa nyuma, akaondoa majani, akaanza kugonga.

Kwap.

Akashika cha pili. Kwap. Cha tatu hakikuhitaji kugongwa, kilibaki mkononi mwake kipande. Wanunuzi walisogea, wakasikiliza, wakarudi nyuma mmoja mmoja. Anyosisye alisimama pembeni, akihesabu kila kwap. Alianza kuwaza ni kona gani ya uwanja angeiegesha pikapu ili kuku wapate kivuli.

Mwisho Bibi aligonga kile cha harusi alichokipakata. Kikaitika kwa sauti ndefu, nzuri, soko zima likasikia.

"Hiki kimekuja kwa springi zangu," alisema Bibi, akijipiga tumbo. "Zako umezitoa wapi?"

"Kwa Fundi Ndile."

"Fundi anafunga. Nimeuliza nani kazichagua."

Anyosisye alikuna kichwa. "Nimeiga za Kajuni."

"Kajuni anabeba nini?"

"Mawe."

"Na sisi tulikupa nini?"

Muuza dagaa wa jirani akamjibia, "Vyungu, Bibi! Ulimpa vyungu!"

"Mwache aseme mwenyewe."

"Vyungu," alisema Anyosisye.

"Sauti."

"Vyungu!"

"Basi twende ukamwambie fundi hivyo hivyo."

Wakarudi moja kwa moja gereji. Kajuni alikuwapo tena, maana tairi zake hazikuwa na wiki ya kupumzika. Fundi Ndile akauliza swali lake lile lile, na safari hii Anyosisye alijibu kwa sauti ya mtu anayeitwa mahakamani: "Nabeba vyungu vya akina mama, fundi. Vyungu vya udongo."

Kajuni alipasuka kwa kicheko hadi chai ikamtoka puani. Fundi hakucheka. "Ungesema hivyo juzi," alisema. Aliondoa yale majani mengi, akaacha ya zamani yaliyo mazima, akaongeza moja tu, refu na jembamba, lenye kupinda. Akabadilisha shokapu za kutuliza mtikisiko, zilizokuwa zikivuja mafuta, akaweka bushi mpya, zile pete za mpira, akatoa upepo kwenye tairi. Gari likashuka likakaa kitako.

Bibi Subilaga alijaza maji chungu cha harusi, akakiweka nyuma peke yake, akamwamuru Anyosisye aende mpaka darajani, avuke, arudi. "Kikirudi na ufa, nawe usirudi."

Alikwenda. Alirudi. Bibi akamwaga maji, akagonga, chungu kikaitika.

Hakusamehewa bure, msidhani. Msimu mzima alibeba udongo kutoka shimoni kwa kichwa, bila gari, na kuukanyaga kwa miguu yake pamoja na akina mama. Lakini mzigo wa Jumatano ulibaki kuwa wake.

Kajuni hakuacha kucheka, mpaka asubuhi moja Tupokigwe, mkewe, aliposhikwa na uchungu wa uzazi. Kajuni aliwasha pikapu yake mbio. Tupokigwe aliitazama, akaitazama barabara, akavuka uwanja huku ameshika kiuno, akapanda gari la Anyosisye.

"Wewe!" Kajuni alipiga kelele. "Unaliacha gari langu unapanda hilo linalochuchumaa kama kuku anayetaga?"

Tupokigwe alichungulia dirishani, jasho likimtiririka.

"Na kuku anataga amesimama? Baba, panda nyuma unyamaze. Springi huchaguliwa na mzigo, si na jirani."