Kitambaa Kwenye Mpira wa Hewa

Ndugu zangu, Shaabani inayoyoma, na najua kila mmoja wetu humu ameanza kujiuliza: mwaka huu nijitengeneze kiasi gani? Swali hilo limenikaa kichwani juma zima. Nikalitafutia mfano, sikilizeni.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa vitunguu aliyekuwa na pikapu iliyochoka. Ilikula oili, ilitoa moshi wa bluu, na kilima kidogo tu ilipanda kwa kuombewa dua. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na mnajua kitunguu kikinyeshewa shambani hakina tena mnunuzi. Basi akaamua kuishusha injini mwenyewe, hapo hapo nyumbani, kwenye banda la uani.

Lakini aitengeneze kiasi gani? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

"Badilisha ringi za pistoni tu, Baba watoto," mkewe alisema. "Mavuno hayatatungoja."

"Nikibadilisha ringi tu, juu kutapata nguvu mpya, na chini beringi ni zile zile kuukuu. Zitasagika. Ukifungua, fungua yote."

"Na ukishindwa kuifunga?"

Nani alikuwa na haki hapo? Msinijibu haraka. Mimi siku moja nasimama na mke, siku ya pili nasimama na mume.

Mume ndiye aliyeshinda. Akatandaza turubai, akafungua kila kitu. Silinda alizipeleka mjini zikachongwa, akaweka pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Vilivyobaki aliviosha kwa mafuta ya taa mpaka vikang'aa. Hata kile kitambaa kilichofungwa kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini alikivua, akakifua kwa sabuni, akakianika, akakifunga tena vizuri kuliko mwanzo. Injini ikawaka bila kusumbua, na mke akakubali kwamba mumewe anajua.

Mavuno yakaanza. Kabla hawajafika nusu ya shamba, moshi wa bluu ukarudi, kisha pikapu ikagoma kabisa.

"Si nilikwambia?" mke alisema.

Mume akaifungua tena kwa hasira. Akapitisha kidole ndani ya silinda, kikatoka na unga mwembamba unaokwaruza. Vumbi la njia ya shambani. Hapo hasira ikamtoka, akaanza kushangaa: limeingilia wapi? Akaifuata njia ya hewa kurudi nyuma, kipande kwa kipande, mpaka akafika kwenye kile kitambaa. Akakifungua. Chini yake mpira ulikuwa umepasuka.

"Kitambaa hiki alikifunga nani?" mke akauliza.

Alikifunga yeye mwenyewe, miaka ya nyuma, kwa muda tu, akingoja kupata mpira mwingine. Na wakati wamesimama pale, mvua ikaanza kupiga bati la banda, na vitunguu viko shambani.

Sisi je? Kila Ramadhani tunashusha injini. Yuko anayebadilisha ringi tu: anapunguza ulimi mchana, jioni anaendelea. Yuko anayefungua yote, akalia kumi la mwisho hadi sauti ikamkauka, akaswali Idi akiwa mpya kabisa. Halafu wote wawili, miezi michache tu, moshi. Na sisi tumekaa tunabishana nani alijitengeneza zaidi. Mbona hatuulizi vumbi linaingilia wapi?

Kile kijiwe cha kusengenyana unachokirudia kila alasiri, ulisema utakiacha lini? Yule ndugu yako uliyemdhulumu shamba, ukawa unamtumia tende kila mwaka mwezi ukiandama, tende zile ni nini? Mimi nasema hicho ndicho kitambaa, na kila mwaka tunakifua.

Kwa hiyo leo sikuulizi utafungua nusu au utafungua yote. Ukifika nyumbani, weka spana chini kwanza. Nenda kwenye kitambaa chako. Huna haja ya kuonyeshwa kilipo, maana ulikifunga kwa mkono wako.